Vugiri: Picha na Sauti Zilipoachana

Msafiri atokaye Korogwe, akaiacha barabara kuu iendayo Moshi na kuanza kuipanda Usambara ya Magharibi, huhisi joto la tambarare likimwachia mwili kidogo kidogo. Mkonge hubaki nyuma, migomba na chai huchukua nafasi yake, na ukungu humpokea kabla hajafika juu. Mwenziwe aliyepandia Mombo na kupita Soni ataishia Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, na ambao sifa yake imeenea hata kwa wasioufika. Huyu aliyepandia Korogwe atafika Vugiri. Vugiri haina sifa hiyo. Wengi waijuao huijua kwa chai na kwa baridi yake. Na hata hivyo, baina ya mwaka 1935 na 1937, ilikuwa makao ya watu waliokuwa wakitengeneza filamu, na humo humo sauti za watu waliosema Kiswahili zilitiwa katika sahani za santuri ili zikazisemee picha zisizokuwa na ulimi.

Habari ya Vugiri hutajwa zaidi na wanahistoria wa sinema na wa ukoloni. Yastahili kutajwa pia na wapenzi wa lugha, kwani jambo lililofanyika kule mlimani liliigusa lugha mahali pake penye maumivu: sauti ilitengwa na kile inachokisemea, kila kimoja kikawekwa katika chombo chake, vikawa vinasafiri pamoja ndani ya lori moja, na salama ya kimoja ikategemea salama ya kingine.

Mradi wenyewe ulijulikana kwa jina la Bantu Educational Kinema Experiment, yaani jaribio la sinema ya kuwaelimisha Wabantu. Fedha zake za kuanzia, dola 55,000, zilitoka kwa shirika la Carnegie la New York. Mlezi wake alikuwa baraza la kimataifa la wamisionari, ambalo mtumishi wake J. Merle Davis alikuwa amekwisha kuongoza uchunguzi juu ya maisha ya wachimba shaba wa Rhodesia ya Kaskazini, akatoa kitabu chake mwaka 1933. Wizara ya Makoloni ya London na taasisi ya filamu ya Uingereza nazo zilikuwamo katika shauri hilo. Kazi ya mikono iliangukia kwa watu wawili: Meja L. A. Notcutt, aliyekuwa akiongoza upigaji na utengenezaji wa filamu, na G. C. Latham, aliyewahi kuwa mkuu wa elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini, na ambaye ndiye aliyeangalia upande wa mafunzo.

Notcutt hakuzuka tu. Alikuwa mtu wa mashamba ya mkonge, na tangu mwaka 1926 alikwisha kuifikiria sinema kuwa chombo cha kuwaridhisha vibarua ili wasiyahame mashamba. Ni vyema jambo hili likumbukwe, kwani sinema ya Vugiri ilizaliwa na fikira mbili kwa pamoja: moja ya mwalimu na moja ya mwajiri. Katika filamu zenyewe si rahisi kuzitenganisha.

Kwa nini mlimani? Aliyewahi kusafisha picha katika nchi ya joto hahitaji kuelezwa. Utando wa dawa ulioko juu ya utepe wa filamu hushikiliwa na ute wa namna ya gundi, na gundi hiyo hulainika maji yakiwa na moto. Picha huvimba, hukunjamana, pengine hubanduka kabisa. Maji baridi, hewa isiyo na vumbi jingi na chumba cha giza kisichogeuka tanuri: haya yote ni shida kuyapata Tanga au Dar es Salaam mwezi wa Februari, ilhali mlimani yanapatikana bure. Waafrika waliofunzwa kazi hiyo huko Vugiri walishika mambo ya maabara kwa mikono yao wenyewe. Utepe waliotumia ulikuwa wa milimita 16, aina iliyotolewa na Kodak mwaka 1923 kwa ajili ya watu wa majumbani na wasiokuwa na mifuko mizito. Ulikuwa mwepesi, wa bei nafuu, na haukuwa wa ile aina kongwe iliyokuwa ikilipuka moto kama baruti.

Shida ilikuwa sauti. Kufikia wakati huo majumba makubwa ya sinema ulimwenguni yalikuwa yakitumia sauti iliyochapwa kandoni mwa utepe wenyewe, picha na neno vikienda pamoja kama nyama na mfupa. Lakini mitambo ya namna hiyo ilikuwa ghali, na Notcutt alikuwa mtu wa kuhesabu senti. Akachagua njia ambayo Marekani ilikwisha kuitupa. Mwaka 1926 kampuni ya Warner ilikuwa imeanzisha mtindo wa kuitia sauti katika sahani kubwa zenye upana wa sentimita 40 hivi, zikizunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, sahani moja kwa kila gombo la filamu la dakika zipatazo 11. Filamu ya The Jazz Singer ya mwaka 1927, iliyoutikisa ulimwengu kwa kuwa mwimbaji alisikika akiimba, ilikuwa ya sahani. Miaka minne mitano baadaye mtindo huo ulikuwa umekwisha kuachwa. Vugiri, mwaka 1935, ikaurudia: picha utepeni, neno sahanini.

Mtu anayetaka kujua kwa nini Warner waliuacha na afikiri kazi ya mwonyeshaji. Utepe una alama yake ya kuanzia, sahani nayo ina yake. Mwonyeshaji huviweka vyote viwili tayari, kisha huvianzisha kwa pamoja, na ikiwa mitambo inazunguka kwa mwendo mmoja, mdomo na neno hukutana. Lakini utepe hukatika. Ukikatika, fundi huondoa vipande vichache vilivyochanika, akagandisha ncha mbili, na onyesho likaendelea. Kwa macho hakuna kilichopotea. Kwa masikio kila kitu kimepotea, kwani kutoka hapo hadi mwisho sauti itakuwa nyuma ya picha kwa kadiri ya vile vipande vilivyotupwa: mlango hufungwa, kisha ndipo kishindo. Na sahani nayo ina maradhi yake. Juani hupinda, barabarani hukwaruzwa, sindano ikiruka mfereji mmoja, msemaji huruka maneno. Sasa vichukuliwe vyombo hivyo vikapakiwe katika lori, pamoja na jenereta na shuka la kuonyeshea, na lori hilo lishushwe kutoka mlimani liende mbali.

Lilikwenda mbali kwelikweli. Safari ya kwanza ya maonyesho ilianza Septemba 1935 ikamalizika Februari 1936. Lori lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasa, mwendo upatao maili 9,000, likatoa maonyesho 95 mbele ya watu waliokadiriwa kufika 80,000. Wengi wao, usiku ule, waliona kwa mara ya kwanza mtu mweusi mfano wao akitembea juu ya shuka. Malalamiko juu ya sauti hayakukosekana. Sauti ilikuwa hafifu, mara ikakwaruza, mara ikaachana na picha, na watazamaji waliokaa nyuma katika uwanja wa wazi walikuwa wakipokea upepo zaidi kuliko maneno.

Lakini sahani ilikuwa na fadhila moja ambayo utepe wenye sauti kandoni haukuwa nayo, na hapa Notcutt astahili haki yake. Picha ilikuwa moja, na ulimi uliweza kubadilishwa. Lori likiwa pwani au Tanganyika ya kati, sahani ya Kiswahili. Likivuka kwingine, sahani ya Kikuyu, ya Kijaluo, ya Kiganda, ya Kinyanja au ya Kibemba. Gharama ya kutengeneza filamu mpya kwa kila kabila haikuwapo. Kilichotakiwa ni msemaji, kinasa sauti na sahani nyingine. Yaani mkulima wa filamu ile ile alikuwa Mganda mjini Kampala na Mswahili Morogoro, bila ya yeye mwenyewe kujua, maadamu alikuwa amekwisha kupigwa picha akaenda zake nyumbani.

Filamu zilizotengenezwa zilifika 35. Majina yake yanasomeka kama orodha ya kazi za serikali: kodi, kahawa, ngozi, mmomonyoko wa udongo, safura, malaria ya watoto, chai, uuzaji wa mahindi. Mojawapo inayotajwa sana ni ile ya benki ya akiba ya posta. Vibarua wawili wanapokea mshahara. Mmoja anauchimbia wake chini ya sakafu ya nyumba yake, na mwizi anamwona. Wa pili anaupeleka posta. Mwenye kusoma habari hii hawezi kukosa kuona kwamba ni hadithi ya zamani iliyovishwa kofia ya karani. Ngano za pwani na za bara zimejaa watu waliozika mali na majirani waliochungulia. Tofauti ni kwamba katika ngano msimulizi humwacha msikilizaji atafute mwenyewe aliyekuwa mjinga. Vugiri haikumwachia. Latham na Notcutt waliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika anahitaji picha za mwendo wa polepole, zisizokatwakatwa, na jambo moja kwa wakati mmoja. Imani hiyo ilikuja kuwa sheria ya filamu za kikoloni kwa miaka ishirini iliyofuata. Ni ajabu kuwa ilisemwa juu ya watu ambao, katika ngoma moja au utenzi mmoja, walikuwa wamezoea kufuata mambo matatu kwa pamoja.

Suali ambalo msomaji wa visiwani atalitaka kabla ya yote ni jingine: sahani zile zilisema Kiswahili kipi? Wakati haukuwa wa kawaida. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikuwa umekwisha kuamua kwamba Kiunguja ndicho kitakachokuwa msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi nne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ya kuusimamia uamuzi huo. Kamusi zake kubwa zilitoka mwaka 1939. Basi miaka ya Vugiri imekaa katikati kabisa: Kiswahili sanifu kimekwisha kutangazwa, lakini bado hakijakaa vinywani mwa watu. Vitabu vya kamati vinaweza kutuonyesha sarufi na tahajia. Havionyeshi mtu wa Usambara aliyekuwa akiisoma karatasi mbele ya kinasa sauti aliitamkaje "dh" ya fedha, wala alipanda na kushuka wapi alipotaka mwizi aogopwe. Hayo ni mambo ya sauti, na sauti ilikuwa katika sahani. Utepe hauwezi kujibu.

Pwani ilikuwa imekwisha kuijua sahani miaka saba kabla ya Vugiri. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay, wakaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya His Master's Voice, na sahani zao zikarudi zikasambaa Afrika Mashariki nzima. Watu walikusanyika majumbani na vibarazani kuisikiliza sauti ya mtu asiyekuwapo. Huku Siti tunayo sauti, lakini hatumwoni akiimba: hatuuoni mkono wake, wala uso wa mpiga udi, wala namna alivyogeuka kumtazama aliyetunza. Kule Vugiri watu wanaonekana wakitembea, wakichimba, wakihesabu fedha na kufungua midomo yao, na midomo hiyo bila sahani ni mitupu. Kama mtu angaliviweka vitu hivi viwili katika meza moja, angalikuwa na nusu mbili za watu wawili tofauti.

Usambara yenyewe ina mfano wa kitu kilichookolewa kwa kuhamishwa. Abdallah bin Hemedi, aliyeandika kwa Kiswahili Habari za Wakilindi, historia ya watawala wa Washambaa waliokuwa na makao yao Vuga, alitolewa kwa sehemu sehemu na mtambo wa uchapaji wa misheni ya Magila baina ya mwaka 1895 na 1907. Matoleo hayo yalikuwa ya nakala chache, na kitabu kingaliweza kumalizwa na mchwa pamoja na wasomaji wake. J. W. T. Allen akakitoa upya mwaka 1962, na kwa hivyo leo mwanafunzi yeyote anaweza kukisoma. Karatasi ni chombo chenye huruma: kinachotakiwa ni mtu mmoja mwenye macho na subira ya kunakili. Sahani na utepe havina huruma hiyo. Vinataka mashine ya zama zake, na mashine hufa kabla ya sahani.

Mradi wa Vugiri ulikoma mwaka 1937. Fedha za Carnegie zilikuwa za kujaribia tu, na serikali za Afrika Mashariki zilipotakiwa ziubebe mzigo hazikukubali. Notcutt na Latham wakaandika kitabu chao, The African and the Cinema, kilichochapishwa mwaka huo huo, wakaeleza walichokifanya na walichokiamini. Vita vilipokuja mwaka 1939, London ikaunda kitengo chake cha filamu za makoloni, chini ya William Sellers aliyekuwa amefanya kazi Nigeria. Kitengo hicho nacho hakikutia sauti utepeni, na sahani kiliiacha. Kilimweka mtu hai: mkalimani aliyesimama kando ya gari la sinema na kipaza sauti mkononi, akawaeleza watazamaji kwa lugha yao yanayopita mbele yao. Kwa upande mmoja huko kulikuwa kurudi nyuma. Kwa upande mwingine, yule mkalimani aliweza kufanya jambo ambalo sahani ya Vugiri haikuliweza kamwe: aliwaona watu. Wakicheka alingoja. Wakinung'unika alijua pa kugeuza neno. Maneno yake hayakuhifadhiwa na yeyote. Mapema miaka ya 1950, filamu za Tanganyika kama Muhogo Mchungu, ambamo aliigiza kijana Rashidi Mfaume Kawawa aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, zilikwishatoka na Kiswahili cha wahusika wenyewe, na picha na neno vikawa vimerudiana.

Si kwa muda mrefu, waama. Sahani ikarudi kwa mlango mwingine. Mwishoni mwa mwaka 1978 ilianza kuuzwa Marekani sahani ya filamu isomwayo kwa mwali wa leza badala ya sindano. Ilikuwa na upana wa sentimita 30, sawa na santuri ya muziki, inang'aa pande zote mbili kama kioo, na upande mmoja ulichukua nusu saa au saa moja kwa kadiri ya namna ilivyochongwa, hata mtazamaji akalazimika kuinuka katikati ya kisa ili aigeuze. Afrika Mashariki haikuijua sana. Unguja, iliyokuwa na televisheni ya rangi tangu mapema miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilingoja hadi 1994, iliingia katika kaseti za video, na Bara nayo ikafuata njia hiyo. Japani na Marekani ndizo zilizoikumbatia sahani ya leza. Ilipofika mwaka 1996 DVD ikatokea Japani, ndogo, nyepesi na ya bei nafuu, na sahani kubwa ikaanza kufa. Kampuni ya Pioneer iliacha kutengeneza mitambo yake mwaka 2009.

Ndipo ukazuka uraibu wa watu wa majumbani. Mtu huunganisha mtambo wake wa sahani ya leza na kinasa cha DVD kwa waya, hulala macho usiku mzima, kwa kuwa filamu ya saa mbili huhama kwa saa mbili na haikubali kuharakishwa, huigeuza sahani wakati wake, kisha huziunga pande mbili ili mtazamaji asijue palipokatwa. Kazi hiyo yachosha. Jirani humwona mwenye kuifanya kuwa mtu asiye na shughuli, hasa ikiwa filamu yenyewe inauzwa dukani katika DVD safi kuliko atakayoitengeneza yeye.

Ila aghalabu yeye haihamishi picha. Anahamisha sauti. Sahani ya leza ilikuwa na njia za sauti zaidi ya moja, na mwaka 1984 kampuni ya Criterion, ilipoitoa filamu kongwe ya King Kong, iliacha njia moja iwe ya filamu, na katika njia ya pili ikamweka mjuzi wa filamu, Ronald Haver, akizungumza juu ya picha tangu mwanzo hadi mwisho. Mtindo huo ukaenea. Waongozaji, wapiga picha na waandishi walikaa wakaieleza kazi yao huku inapita. Filamu zilipochapwa upya katika DVD na makampuni mengine, picha ilisafishwa na kung'arishwa, na yale mazungumzo mara nyingi hayakufuata, kwa sababu haki zake zilikuwa za mwingine. Kwa mtu wa nyumbani mwenye waya na subira, hazina ilikuwa ni mzee fulani akikohoa katikati ya sentensi na kukumbuka siku ya mvua ya mwaka 1933.

DVD nayo iliikubali fikira ya Notcutt kuliko yeye alivyoweza kuota: sheria zake zinaruhusu njia nane za sauti juu ya picha moja. Kiswahili kingaliweza kukaa humo pamoja na Kiganda na Kijaluo bila ya kubadilisha sahani. Makampuni makubwa hayakuona haja. Waliokiweka Kiswahili juu ya filamu za wageni walikuwa watu wa mitaani. Dar es Salaam alikuwako Derek Mukandala, ambaye kwa jina la Lufufu alijulikana na kila mpenzi wa vibanda vya video. Aliipunguza sauti ya filamu ya Kihindi au ya Kichina, akaweka juu yake sauti yake mwenyewe, akatafsiri, akaongeza, akatania, akampa jambazi jina la mtaani. Kisha kazi hiyo ikauzwa katika kaseti na baadaye katika DVD. Kampala nayo ilikuwa na wasimulizi wake. Wataalamu wa lugha huenda wakakunja uso, kwani Kiswahili cha Lufufu si cha kamati ya mwaka 1930. Na bado yeye ni mrithi wa moja kwa moja wa mkalimani wa gari la sinema, na mjukuu wa mtu wa Vugiri aliyesema mbele ya kinasa sauti. Tofauti ni kuwa huyu hakupewa karatasi na mtu.

Katika filamu 35 za Vugiri, tatu zimehifadhiwa katika ghala la filamu la Uingereza: moja juu ya safura, moja juu ya mafunzo ya Waafrika katika utabibu wa mifugo, na moja juu ya mashamba ya wakulima wa Kingolwira karibu na Morogoro. Zote ni za mwaka 1936. Utepe wake unaweza kuhamishwa kwenda DVD au kwenda chombo chochote kitakachobuniwa kesho, na kila utakapohamia utabaki bubu vilevile, kwa kuwa haukuumbwa na sauti. Hakuna fundi wa kuisafisha sauti isiyokuwamo.

Nyimbo za santuri za pwani zimepata bahati zaidi. Mwaka 2007 kampuni ya Topic ya Uingereza ilitoa CD ya nyimbo za Kiswahili za baina ya miaka ya 1920 na 1950, zilizotolewa katika sahani za zamani, mikwaruzo yake ikapunguzwa bila ya kuharibu koo la mwimbaji. Kazi hiyo ilifanywa na maktaba kubwa na watu wa taaluma, lakini nyingi ya namna hiyo inaweza kufanyika chumbani. Sahani huoshwa kwa maji yaliyochujwa na matone ya sabuni, kwa kitambaa laini, kwa kuifuata mifereji na si kwa kuikata. Haipigwi spiriti ikiwa ni ya zama za gamu-laki, kwani spiriti huiyeyusha. Hukaushwa kivulini, imesimama. Sindano huchaguliwa kwa upana wa mfereji, maana mifereji ya zamani ni mipana kuliko ya santuri za miaka ya 1960. Sauti hunaswa kama ilivyo, pamoja na kelele zake zote, na nakala hiyo ya kwanza haiguswi tena. Usafi hufanywa katika nakala ya pili. Na karatasi iliyobandikwa katikati ya sahani hupigwa picha kabla ya maji kuigusa, kwani huenda jina la msemaji, lugha na filamu aliyoisemea yako hapo peke yake, kwa wino unaofutika.